UZI: Unaanza Guilty Gear, FighterZ au BlazBlue? Kombo ziache kwanza, jifunze kutembea

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari zenu. Swali linalorudi kila mara humu ni la mtu aliyeshusha gemu la mapigano kama Guilty Gear Strive au Dragon Ball FighterZ kwa kupendezwa na michoro yake, akaingia mtandaoni, akachapwa mfululizo mpaka akakata tamaa. Anakuja kuomba msaada, na anachopewa karibu kila mara ni video ya kombo, yaani mfululizo wa mapigo yanayounganika. Anajifungia kwenye chumba cha mazoezi, anaikariri, inatoka vizuri. Anarudi mtandaoni na hapati hata nafasi ya kuianza, maana mpinzani yuko hewani, mara yuko nyuma yake, mara yuko miguuni pake, na yeye bado anatafuta kitufe.

Msimamo wangu nautanguliza ili tusizunguke: kwenye magemu haya kombo ni somo la tatu. La kwanza ni kutembea, la pili ni kujikinga. Anayeanza na la tatu anajitesa bure, na wengi wameyaacha magemu mazuri sana kwa sababu hiyo tu. Inaniuma, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kwanza, ugumu wenyewe unatoka wapi. Kwenye Street Fighter ukiruka umeshajifunga. Njia yako ya kushuka inajulikana tangu miguu inaacha ardhi, na mwenzako anakusubiri chini. Magemu ya anime yaliivunja kanuni hiyo. Msururu wa Darkstalkers wa Capcom ulianza mwaka 1994, na Guilty Gear ya kwanza ya Arc System Works, kazi ya Daisuke Ishiwatari, ikatoka kwenye PlayStation mwaka 1998. Katika ukoo huo ndimo kuruka mara mbili, dashi ya hewani (kuchomoka ghafla ukiwa juu) na mapigo yanayofuatana kwa mnyororo vilipokomaa. BlazBlue ilipokuja 2008 na FighterZ 2018, mambo hayo yalishakuwa msingi. Maana yake mtu akiruka hujui atashuka wapi wala lini. Anaweza kuchomoka usoni kwako, anaweza kuruka tena akakupita kichwani, anaweza kurudi nyuma akakuacha umepiga hewa. Mgeni macho yake hayajui yatazame wapi.

Kwa hiyo vidole vinalaumiwa bure mara nyingi. Macho ndiyo yamechelewa, uamuzi nao ukachelewa, na vidole vikaingia kazini wakati pigo limeshafika.

Hesabu yake ni hii. Magemu haya yanakwenda fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, yaani fremu moja ni kama milisekunde 16.7. Mtu wa kawaida anahitaji milisekunde 200 hadi 250 kuona kitu na kubonyeza, sawa na fremu 12 mpaka 15, na hapo alikuwa anakisubiri kitu hicho hicho kimoja. Ngumi ya haraka inaanza kwa fremu 5 hivi. Hakuna binadamu anayeiona ngumi hiyo ikija ndipo akaikinga. Wanaoikinga walikuwa wameshashikilia kinga kabla haijarushwa. Ukilielewa hili unaacha kuulaumu uzito wa mikono yako na unaanza kujiuliza swali lenye faida: kwa umbali huu niliopo, huyu anaweza kunifanyia nini?

Sasa kutembea. Ingia chumba cha mazoezi bila nia ya kupiga mtu. Kimbia mbele, simama palepale unapotaka. Ruka nyuma, dashi mbele hewani, tua. Ruka mara mbili. Pita juu ya mpinzani ukatue mgongoni kwake. Fanya hivyo mpaka mhusika aende unakotaka bila wewe kuangalia mikono. Ni zoezi la kuchosha kwa maelezo, lakini ukilifanya huku unasikiliza muziki halichoshi hata kidogo, na hakuna lingine litakalokulipa haraka kama hili.

Kitu kimoja nitakieleza kwa kirefu kwa sababu ndicho mlango wa magemu haya: dashi ya hewani ya papo hapo, ile ya kuruka na kuchomoka mbele kabla hujapanda. Wengi wanaifanya kwa hatua tatu: ruka kwa mshazari wa mbele, gusa mbele, gusa mbele tena. Mkono unachoka, mhusika anapanda juu sana ndipo anachomoka, na pigo linapita juu ya kichwa cha mpinzani aliyechuchumaa. Kwenye Guilty Gear na mengi ya ukoo wake, ule mshazari wa juu-mbele unahesabiwa kuwa "mbele" ya kwanza. Kwa hiyo gusa juu-mbele, achia kidole mpaka mwelekeo urudi katikati, kisha gusa mbele mara moja. Basi. Ni miguso miwili tu, na kati yake kidole kimeinuka. Asiyeinua kidole gemu halioni "mbele" ya pili, na anabaki anaruka tu huku analalamika pedi mbovu.

Kwenye Strive punguza haraka. Ukigusa mbele mapema mno, kabla mhusika hajapata kimo kidogo, dashi haitoki. Na ikitoka, ina kituo kifupi hewani kabla ya kuondoka, kwa hiyo pigo nalo lisubiri. Strive ina pia kitufe maalum cha dashi. Kitumie. Wachezaji wakubwa wanakitumia, na hakuna sifa yoyote inayotolewa kwa kuumiza kidole gumba.

Namba mtakazokutana nazo kila mahali, kama 236P au 623S, ni vitufe vya namba upande wa kulia wa kibodi ya kompyuta. 5 ni katikati, 6 ni mbele, 4 ni nyuma, 2 ni chini, 8 ni juu, na 1, 3, 7, 9 ni mishazari. 236 ni chini, chini-mbele, mbele: robo duara. Zote zinahesabu kwamba unatazama kulia. Herufi ya mwisho ni kitufe cha shambulio, kwenye Guilty Gear P ni ngumi, K teke, S upanga, HS upanga mzito. Angalizo kwa wanaosomea kwenye simu: namba za simu zimepangwa kinyume, 1 iko juu, kwa hiyo msizifuate hizo mtapotea.

Kinga nitaieleza nikirudi. Karibuni.

#2 – Mdau

Niko siti ya mbele hapa, mkuu. Uzi umetulia.

Mimi natokea Naruto Ultimate Ninja Storm, na kule sikuwa mtu wa kuonewa. Nimehamia Strive najiona kama sijawahi kushika pedi. Tatizo langu kubwa narukaruka bila kupenda. Nataka kukinga, najikuta hewani. Nataka kusogea, najikuta hewani. Hivi ni mimi au ni gemu?

#3 – Mleta uzi

Ni lugha mbili tofauti, mkuu, na tofauti hiyo haielezwi ipasavyo.

Kule Storm uwanja ni wa pande zote, unatembea kila upande kwa stiki, kuruka kuna kitufe chake na kujikinga kuna kitufe chake. Mashambulizi karibu yote yanatoka kwenye kitufe kimoja ukibadilisha mwelekeo. Stiki kazi yake ni kutembea. Kwenye Guilty Gear, BlazBlue na FighterZ, mwelekeo ndio unaobeba karibu kila kitu. Juu ni kuruka. Nyuma ni kurudi na papo hapo ni kukinga. Chini ni kuchuchumaa, na chini-nyuma ni kukinga ukiwa umechuchumaa. Kidole gumba chako kimezoea kusukuma stiki ovyo kuelekea adui, na huku kila msukumo wenye juu ndani yake ni mruko.

Dawa: hama kutoka stiki ya pedi uende kwenye vishale. Stiki ya duara haina mahali inapokuambia "hapa mshazari umeanza", vishale unavisikia chini ya kidole. Wapo wanaocheza vizuri kwa stiki, sikatai, lakini anayerukaruka bila kupenda ahamie vishale leo. Kisha washa onyesho la amri kwenye chumba cha mazoezi, ile safu ya mishale inayoshuka pembeni mwa skrini. Tembea mbele na nyuma huku unaitazama. Ukiona mshale wa 9 au 7 umejipenyeza wakati wewe unadhani uligusa 6 au 4, umempata mwizi.

Sasa kinga, niliyoahidi. Ukikinga umesimama unazuia mapigo ya kawaida na ya juu. Ukikinga umechuchumaa unazuia ya kawaida na ya chini. Pigo la mtu aliye hewani karibu mara zote ni la juu, lazima usimame. Kwa mgeni kanuni ya kuanzia ni hii: mpinzani akiwa ardhini na karibu, shikilia 1, yaani chini-nyuma. Akiinuka hewani, panda kwenye 4. Kwa nini chini ndiyo iwe makao? Mapigo ya chini ni ya haraka kuliko unavyoweza kuyaona. Mapigo ya juu ya mtu aliye ardhini huwa ya polepole: kitufe cha Dust kwenye Strive kinachukua takriban fremu 20 kabla hakijapiga. Rudini kwenye ile hesabu ya fremu 12 hadi 15 mtaona kwamba hilo linaonekana na linazuilika, mradi macho yanalitarajia.

Halafu kuna vifaa vya kujinasua ambavyo wageni wengi hawavigusi kabisa. Strive ina Burst: kitufe chochote cha shambulio pamoja na Dust, ukiwa katikati ya kupigwa, inamrusha mpinzani mbali. Mita yake inaanza mechi ikiwa imejaa. Watu wanakufa nayo imejaa! Ina pia Faultless Defense, nyuma pamoja na vitufe viwili vya shambulio visivyo Dust. Inakula Tension, ile mita ya nguvu, lakini inamsukuma mpinzani mbali kila anapogonga kinga yako, na hapo ndipo unapumua. FighterZ ina kurudisha pigo kwa nyuma pamoja na kitufe cha S. Na yule anayekurukia kwa Super Dash, ule mchomoko wa kumfuata mpinzani, kila sekunde kwenye FighterZ, bonyeza chini pamoja na kitufe kizito, 2H. Pigo hilo limetengenezwa kuwashusha wanaokuja kwa juu. Akishushwa mara kadhaa ataacha mwenyewe.

#4 – Mdau mwingine

Nakazia hapo kwenye Burst. Mimi kwa muda mrefu sikujua kama ipo.

Swali langu liko kwenye kombo, samahani mkuu, najua umesema tuziache. Natumia Sol, mhusika wa Strive. Mapigo ya kawaida yanaunganika, ila nikifika kwenye 236 mambo yanaharibika, ama haitoki kabisa ama inatoka imechelewa na adui ameshakinga. Nimejaribu kuongeza kasi ya mkono mpaka kidole kinauma. Na kitu cha pili: nikiwa natembea mbele nikataka 236, inatoka 623. Nataka teke la 236K, Sol anajaribu kumkamata mtu.

#5 – Mleta uzi

Usiombe samahani, haya ndiyo maswali yenyewe.

La kwanza. Pigo likimgusa mtu, skrini inaganda kidogo sana, wote wawili mnasimama kwa fremu chache. Wengi wanadhani ni mapambo ya kuonyesha uzito wa pigo. Kwa anayecheza, hicho ndicho kipindi cha kazi. Amri ya pigo linalofuata inaingizwa wakati picha imeganda. Wewe unasubiri mkono wa Sol urudi ndipo uanze 236, na hapo muda umekwisha. Kasi ya mkono haina shida, umechelewa kuanza.

Fanya hivi. Sol, karibu kabisa na mpinzani: S, tena S, kisha HS, kisha 236K, ile Bandit Revolver. Usiifanye yote. Anza na HS kisha 236K peke yake. Bonyeza HS, na mara tu kidole kimeachana na kitufe, mkono wa kushoto uanze kuviringisha 236 bila kusubiri macho. Sikiliza mlio wa pigo. Mlio ukisikika, robo duara iwe iko njiani, na K ishuke pamoja na 6. Ukibonyeza K kabla kidole hakijafika 6, utapata pigo la kawaida la K au hutapata kitu. Hiyo ndiyo hitilafu ya kawaida zaidi, na onyesho la amri litakuambia moja kwa moja: utaona K imeandikwa kwenye mstari wa 3, mstari mmoja kabla ya 6.

Ikishatoka, rudi nyuma kiungo kimoja: S ya pili, HS, 236K. Kisha yote. Kombo inajengwa kutoka mkiani kuja kichwani, kwa sababu mkia ndio mgumu na ndio unaostahili marudio mengi. Anayeanza kichwani kila mara anarudia lile analolijua tayari na kufika kwenye gumu akiwa na wasiwasi.

Pia gemu huhifadhi amri uliyoitoa mapema kidogo na kuitekeleza mara nafasi ikifunguka. Mapema kidogo inasamehewa. Kuchelewa hakusamehewi. Kwa hiyo ukiwa na shaka, egemea upande wa mapema.

La pili, la 623. Angalia namba: ukitembea mbele umeshikilia 6. Ukiviringisha 236 kutoka hapo, gemu limesoma 6, 2, 3, 6. Ndani yake mna 6-2-3, na amri ya 623 kwa kawaida inapewa kipaumbele. Kwa Sol kwenye kitufe cha K hiyo ni Wild Throw, mkamato wake, na ukikosa hapo unalipa kwa maumivu. Tiba ni kuachia mwelekeo urudi 5 kwa muda mfupi kabla ya kushuka kwenye 2. Simama, kisha viringisha. Wapo wanaopendelea kuanzia nyuma, 41236, ili ile 6 ya mwanzo ifutike kabisa, lakini kama mhusika wako ana pigo la nusu duara kwenye kitufe hicho hicho utapata hilo badala yake.

Na wenye shida ya kinyume, wanaotaka 623 wakapata 236: mnamalizia kwenye 6. Malizieni kwenye 3. Mbele, chini, chini-mbele, na mbaki hapo hapo kwenye mshazari wakati kitufe kinashuka.

#6 – Mdau

Mimi natumia kibodi na naona aibu kusema mbele za watu. Nihamie kwenye fimbo ya arcade kama ya Wajapani?

#7 – Mleta uzi

Usihame, ndugu. Kibodi ni kifaa kizuri sana kwa magemu haya. Vidhibiti vya vitufe vitupu visivyo na fimbo, kama Hit Box, vimekuwa kitu cha kawaida kwenye mashindano makubwa, na msingi wake ni uleule wa kibodi: kila mwelekeo una kitufe chake na kidole chake. Dashi inatoka haraka, kurudi katikati ni kuinua kidole tu. Jaribu kuweka kuruka kwenye kitufe kirefu cha chini ukibonyeze kwa kidole gumba, utaona tofauti kubwa kwenye dashi ya hewani.

Kagua kitu kimoja. Baadhi ya kibodi za ofisini hazipokei vitufe vitatu au vinne vikibonyezwa pamoja, hasa vilivyo karibu karibu. Roman Cancel ya Strive, ile ya kukatisha pigo lako katikati, inataka vitufe vitatu vya shambulio kwa pamoja. Ikigoma mara kwa mara, lifunge jukumu hilo kwenye kitufe kimoja kwenye mipangilio. Gemu lenyewe linaruhusu.

Fimbo ni tamu, na anayeipenda aitumie, ila kuizoea ni somo jipya kabisa juu ya masomo uliyonayo. Kifaa bora ni kile ambacho mikono yako tayari inakijua.

#8 – Mdau

Mkuu heshima kwako ila hapa tutatofautiana. Naona maelezo haya yote ya 236 na 623 ni ya zamani. Street Fighter 6 imekuja 2023 na mfumo wa Modern, kitufe kimoja pigo maalum linatoka. Granblue Fantasy Versus nayo 2020 ilikuja na kitufe cha ujuzi. FighterZ ukigongagonga kitufe kimoja kombo inatoka yenyewe. Sisi wengine tunatoka kazini tumechoka, tunataka kucheza. Kwa nini tusiwaambie wageni waende huko moja kwa moja?

#9 – Mleta uzi

Hatutofautiani sana, na nashukuru umeileta. Nawaunga mkono wanaotumia amri rahisi, kwa moyo wote. Mtu anayeitumia Modern na kunishinda amenishinda.

Waliotengeneza magemu hayo walilipima jambo hilo. Modern ya Street Fighter 6 inakupa pigo maalum kwa kitufe kimoja lakini linauma kwa asilimia 80 tu ya kawaida. Granblue ya 2020 iliruhusu kitufe kimoja na mwelekeo, ila pigo lilichukua muda mrefu zaidi kabla hujalitumia tena kuliko ukiliingiza kwa amri kamili. Ni biashara ya haki.

Lakini tazama kinachobaki baada ya kuondoa 236. Kinabaki kila kitu nilichoandika post ya kwanza. Bado unahitaji kujua umbali, bado unahitaji kukinga chini na kupanda juu kwa wakati, bado unahitaji kujua zamu ni ya nani. Granblue iliwafaa wageni wengi, na nadhani kitufe cha ujuzi kilichangia kidogo tu. Kikubwa ni kwamba haina dashi ya hewani wala kuruka mara mbili. Macho yana kazi ndogo. Kwa hiyo ndiyo, mgeni anayezidiwa kabisa na Strive au BlazBlue aanzie Granblue, ajenge macho, halafu arudi. Ushauri huo nautoa bila kusita.

Ninachopinga ni kombo otomatiki ya FighterZ kuwa mwalimu. Inakufundisha kuendelea kugonga hata pigo la kwanza likikingwa. Kugonga kwenye kinga ndiko kunakomfundisha mpinzani lini akupige. Ukitaka kuitumia, itumie hivi: bonyeza mara mbili, tazama. Yamegusa? Endelea. Yamekingwa? Acha, shikilia kinga. Mpinzani wa mazoezi anaweza kuwekwa akinge kwa kubahatisha, mara anakinga mara hakingi. Weka hivyo na ufanye zoezi hilo peke yake. Mnyororo wa magemu haya umekusudiwa hivyo hasa: mapigo mepesi ya mwanzo yanakupa muda wa kuona kabla hujaingia kwenye zito.

#10 – Mdau

Asante kaka kwa uzi huu, nimeusoma wote. Mimi ni dada wa BlazBlue zamani kidogo, nimerudi kwa ajili ya Strive. Tafadhali tuambie mhusika wa kuanza naye, na kama kuna faida kucheza hayo mafunzo ya ndani ya gemu au ni kupoteza muda. Na mtandao je? Zamani mchezo ulikuwa unakwama vibaya mno.

#11 – Mleta uzi

Karibu tena, dada.

Nianze na mtandao kwa sababu ni habari njema. BlazBlue za zamani zilikuwa zinachelewesha amri zako zisubiri za mwenzako, ndiyo maana ulijihisi unacheza ndani ya maji. Strive ilitoka 2021 ikiwa na rolibaki: amri yako inatekelezwa mara moja, gemu linabashiri ya mwenzako, na likikosea linarudi fremu chache nyuma na kusahihisha. Kwa anayejifunza hili ni kubwa kuliko yote. Muda wa vidole unaouzoea kwenye chumba cha mazoezi ndio huo huo utakaoukuta kwenye mechi. Tumia waya badala ya mawimbi ukiweza.

Mafunzo ya ndani, ndiyo, yacheze, hasa sehemu ya misheni za Strive. Kuna za kukinga juu na chini, za dashi ya hewani, za kumzuia anayeruka. Under Night In-Birth, gemu jingine la mapigano, nayo ina mafunzo marefu na ya kina ajabu, kiasi kwamba mtu anaweza kujifunza magemu ya mapigano kwa ujumla humo ndani. Usiyapitie yote kwa siku moja. Chukua mada moja, nenda ukacheze mechi ukiitafuta hiyo tu.

Mhusika: Ky, Sol au Giovanna. Ky ana kila kifaa cha msingi kwa kipimo cha kawaida, na ukimjua umejua nusu ya gemu. Giovanna anafundisha kusogea karibu bila kukufikirisha mengi. May ana mapigo ya kushikilia nyuma kisha kusukuma mbele, ni mepesi kwa vidole lakini yanakuzoesha kukaa nyuma, chagua ukijua hilo. Zato mwache kwanza, maana unaendesha viumbe wawili na hata kuachia kitufe ni amri. Uwanja wa kuchagua wahusika unaonyesha pia nyota za urahisi, zitazame. Ila ukimpenda mhusika mgumu kwa dhati, mchukue huyo huyo. Mapenzi yatakurudisha kwenye gemu kesho, na nyota hazina uwezo huo.

Kwa FighterZ ni watu watatu kwenye timu, na mgeni anajaribu kuwajifunza wote pamoja. Jifunze wa mbele tu. Wale wawili waite kwa kitufe cha msaada na uwaache warudi.

#12 – Mdau

Swali la haraka: kwa nini nikiwa upande wa kulia wa skrini kila kitu kinaharibika?

#13 – Mleta uzi

Kwa sababu umefanya mazoezi upande mmoja. Chumba cha mazoezi kinakuanzishia kushoto, na karibu kila mtu anaishia hapo. Gawa muda nusu kwa nusu, au mpe upande wa kulia muda mrefu zaidi. Hili linawagusa hata wakubwa: kwenye fainali ya FighterZ ya mashindano makubwa ya Evo 2018, mchezaji SonicFox akicheza na GO1, aliomba wabadilishane pande katikati ya pambano, akaendelea mpaka akachukua ubingwa.

Na mpinzani akikuruka kichwani, amri inasomwa kwa upande aliopo wakati huo. 236 yako imegeuka 214. Usijaribu kuwahi kushambulia katikati ya kuvukwa. Kinga kwanza, ujue umesimama upande gani, ndipo ujibu.

#14 – Mdau wa post #2

Nimehamia vishale tangu jana, mkuu. Kurukaruka kumepungua sana. Nimempenda Potemkin, lile pigo la kukumbatia na kupaa. 632146 inanitoa kila mara nikiwa peke yangu, kwenye mechi haitoki.

#15 – Mleta uzi

Potemkin hana mbio wala dashi ya hewani, kwa hiyo umechagua njia ngumu na tamu sana.

Kwenye mechi unaanza 632146 ukiwa umeshafika karibu, na mpinzani ameshaondoka. Ianze ukiwa bado njiani. Mguse kwa ngumi nyepesi, akikinga, viringisha nusu duara wakati ngumi yako inarudi, fika 6, subiri kidogo tu kinga yake ilegee, kisha P. Ukibonyeza wakati bado anatikisika kwa kukinga, mkumbatio unamkosa kwa kuwa bado hashikiki. Na kama unajikuta unaruka badala ya kushika, umepitia 9 ukielekea 6 ya mwisho. Washa onyesho la amri ulitazame hapo.